Mitungi ya Wachina wa Australia isiuzwe kama mapambo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako walioko Australia, hasa wanaotembeza vigunduzi vya metali kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Mtungi mzima wa Kichina uliong'olewa ardhini ukawekwa kabatini una faida ndogo kwa historia kuliko kigae kilichoachwa pale kilipoangukia.

Kuanzia miaka ya 1850 Wachina, wengi wao kutoka Guangdong, kusini mwa China, walikwenda kuchimba dhahabu Bendigo, Ararat na Beechworth katika koloni la Victoria, na baada ya 1873 Mto Palmer kule Queensland. Victoria ilipowatoza pauni 10 kwa kichwa kuanzia 1855, maelfu walishukia Robe, Australia Kusini, wakaenda kwa miguu mamia ya kilomita. Habari zao nyingi tulizonazo ziliandikwa na polisi, watoza kodi na magazeti yaliyowachukia. Kwa hiyo jalala la jikoni lao ni ushahidi mkubwa, na husomwa kwa makini.

Mtungi mnene wa kahawia wenye mlija mfupi ulikuwa wa sosi ya soya. Wenye shingo nyembamba na mdomo uliopanuka ulikuwa wa pombe, na wa mdomo mpana uliletewa mboga za chumvi. Lakini maumbo haya yalidumu miongo mingi bila kubadilika, hivyo mtungi peke yake haukwambii kama ni wa 1860 au wa 1900. Anayekwambia ni chupa ya Kizungu iliyolala kando yake. Mshono wa kalibu, yaani mstari ulioachwa na umbo la kufinyangia kioo, ukipanda hadi ukingo wa mdomo, chupa hiyo ni ya mashine, ya karne ya 20. Ukikoma shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Anayechukua mtungi akaitupa chupa ameutupa mwaka wenyewe.

Sarafu hupotosha zaidi. Zile zenye tundu la mraba huwa na jina la enzi ya mfalme wa China, kama Kangxi (1662–1722) au Qianlong (1736–1795), na mtu huweza kudhani Wachina walifika kabla ya Waingereza. Sivyo. Sarafu hizo ziliendelea kuzunguka muda mrefu, na huko machimboni zilitumika kuhesabia katika kamari ya fan-tan. Zikiwekwa kwenye ramani kama zilivyokutwa, pamoja na vidonge vya kioo vya kuchezea, vyeusi na vyeupe, zinaonyesha chumba cha mchezo kilikuwa wapi. Mfukoni hazionyeshi chochote.

Kichwa cha kiko cha afyuni, cha udongo na chenye kitundu kidogo juu, watu hudhani ni kitasa cha mlango. Kisioshwe, kwa kuwa masizi ya ndani yanaweza kupimwa maabara. Vipande vya makopo ya afyuni, ya shaba ya manjano, hutupwa kama takataka; vitazame vizuri, maana mengi yalikatwa makusudi ili shaba yake itumike tena.

Ukikuta vitu hivi, usivinyanyue. Piga picha ya mbali inayoonyesha mti au ukuta, kisha ya karibu ukiwa umeweka rula. Andika vipimo vya GPS na kila kilicho jirani, hata misumari na mifupa. Ukiwa Victoria, toa taarifa Heritage Victoria, idara ya serikali inayolinda urithi. Sheria ya Urithi ya 2017 ya jimbo hilo inalinda mabaki ya kihistoria ya ardhini yaliyofikisha miaka 75, na leseni ya kutafuta dhahabu haikupi ruhusa ya kuyachimbua. Sarafu usiisugue wala kuitia siki au limau. Ukiona unga wa kijani hafifu unaopukutika, ni chumvi inayoila shaba, na kusugua kunafuta maandishi kabla ya kutu kukoma. Karai la chuma ndilo baya kuliko yote kulitoa: likipata hewa hubanduka magamba mpaka likavunjika.

Wala usitangaze kwamba Wachina waliishi mahali fulani kwa sababu ya kigae kimoja. Mitungi ya tangawizi ilinunuliwa na Wazungu pia, na nyumba za Wachina zilijaa sahani za Kiingereza. Tanuri la mawe la mviringo la kuokea nguruwe, au mifereji ya bustani ya mboga, ni dalili nzito zaidi. Tanuri la kuchomea matofali la Wachina lililochimbuliwa kitaalamu Bendigo lilithibitisha kuwa si wote waliokuwa wachimba dhahabu.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa pwani. Mwaka 1944 sarafu 5 za shaba za Kilwa ziliokotwa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na 4 za Kiholanzi. Hazikutoka katika tabaka lililochimbuliwa na kuandikwa, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Linganisha na Gedi na Shanga, miji ya kale ya pwani ya Kenya, ambako vigae vya kaure za China vilitolewa tabaka kwa tabaka, vikasaidia kujua umri wa kuta na misikiti.

Naomba basi gazeti lako, likipokea tangazo la kuuza vitu vya namna hii, limtake muuzaji aonyeshe vilitoka wapi na kwa kibali gani.

Msomaji wako,
Mombasa