Mfaume, mpingo wa kwenu unalia redioni Uskoti

Mbagala, Dar es Salaam
2 Novemba 2025

Ndugu yangu Mfaume,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, joto ndilo limeanza kututafuta. Ujumbe wako wa sauti niliupata, nikaucheka peke yangu kwenye daladala, kisha nikaona swali lako ni la kujibiwa kwa barua. Umeuliza kama mtu mzima anayekaa usiku kurekodi redio ya Waskoti wanaopuliza mfuko, wakati vitu vyote vimejaa mtandaoni, akili zake ziko sawasawa. Akili ninazo. Ila si kweli kwamba vitu vyote viko mtandaoni.

Chukua kipindi cha Pipeline. Kwa miaka mingi redio ya BBC Scotland ilikuwa nacho kila wiki, cha zumari za mfuko tu, zile ziitwazo bagpipes kwa Kiingereza. Kwa muda mrefu alikiongoza Gary West, mwenyewe mpiga zumari na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, mtu anayekueleza wimbo hadi unamwona aliyeutunga. Mwishoni mwa 2022 BBC ikatangaza kwamba inakifuta. Wapigaji wakapiga kelele, saini zikakusanywa, haikusaidia. Mwaka 2023 kikazimwa, wakaleta kingine kinachoitwa Piping Sounds. Sasa niambie, saa zote zile za Pipeline utazipata wapi leo? Vipindi vingi vya redio vya BBC hukaa mtandaoni siku 30, kisha vinaondolewa. Aliyerekodi anavyo. Na tangu Julai 2025 sisi tulio nje ya Uingereza tumefungiwa hata ile programu yao ya BBC Sounds. Tulichobakiziwa ni kusikiliza moja kwa moja kwenye tovuti, dakika ileile wanapotangaza.

Utaniambia nyimbo zenyewe zipo kwenye albamu na YouTube. Zipo, wala sizihangaikii. Ninachokitafuta mimi ni maneno yaliyo katikati ya nyimbo. Mpigaji huyu alifundishwa na nani, tyuni hii, yaani wimbo wa zumari, aliisikia wapi, kwa nini ameipiga polepole kuliko wengine. Albamu ya mpiga zumari Gordon Duncan utainunua, lakini mtu akuambie kwamba yule bwana, aliyekufa 2005 na ambaye vijana wa leo wanamwiga hadi wanavyokunja kidole, kazi yake ya mchana ilikuwa kuzoa taka! Hayo yanasemwa redioni mara moja, na anayeyasema kesho ana mengine ya kusema.

Marehemu kaka yako alikuwa fundi wa kumkata mtangazaji. Kidole kwenye kitufe, taarabu ikianza tu, kaseti inazunguka. Bwana wa redio akifungua mdomo, tap, imezimwa. Zile kaseti unazo mpaka leo, na nyimbo zake ni nzuri, lakini nani anapiga fidla katika ule wa upande wa pili? Tumeuliza Unguja nzima. Jina lilitajwa siku ile, likakatwa. Kwa hiyo kwangu mimi sheria ni moja: kipindi kinarekodiwa chote, kuanzia habari za kabla yake hadi hali ya hewa ya baada yake, na mtangazaji hakatwi.

Halafu wewe hasa, mtu wa Kilwa, huna haki ya kuuliza jambo hili linakuhusu nini. Zumari ya mfuko ya nyanda za juu za Uskoti ina bomba la kupulizia, bomba la kuchezea vidole, na mabomba matatu ya mvumo yanayolala begani, mawili ya wastani na moja refu nene. Zumari nzuri ikitajwa, mti wake ni mpingo. Ule ule wa Kilwa, Lindi na Nachingwea, na wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Siku hizi bendi nyingi hutumia bomba la vidole la plastiki, na mfuko wa ngozi ya kondoo umepisha vitambaa vya kiwandani, lakini mabomba ya mvumo bado wanayataka ya mpingo. Yale yaliyokerezwa na Peter Henderson wa Glasgow zaidi ya miaka mia iliyopita yanatafutwa hadi leo, na yanalia. Mjomba wako Mzee Ndembo, ambaye analisikia gogo likiguswa na shoka na kujua kama lina uwazi ndani, angeelewana na mafundi wale bila mkalimani. Wewe unajua kuliko mimi habari za vijiji vya Kikole na Kisangi, jinsi misitu yao ilivyopata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 ili mpingo uuzwe kwa utaratibu na kijiji kione faida. Redioni wanamtaja fundi, mji, hata mwaka wa kukereza. Mti ulikotoka bado sijawasikia wakiutaja. Linaniudhi kidogo, nakwambia ukweli.

Ulilalamika pia kwamba kwako kila wimbo ni uleule. Hapo nakuelewa. Noti ziko tisa tu, kwanza. Pili, ala yenyewe haijui kunyamaza wala kupunguza sauti: mfuko ukishajaa hewa na kubanwa kwapani, inalia kwa nguvu ileile mpaka mwisho. Mpigaji akitaka kuipiga noti moja mara mbili hawezi kukata pumzi katikati kama mpiga filimbi, kwa hiyo anachomeka noti nyingine fupi sana kuzitenganisha. Ukisikia vile vinavyorukaruka haraka, usidhani ni madoido ya kujionyesha. Bila hivyo noti zote zingeungana zikawa uzi mmoja. Masikio yakishazoea hapo, unaanza kumtofautisha mpigaji mmoja na mwingine kwa usafi wa vile vidogo. Mimi sasa huvisikiliza hivyo kuliko hata tyuni.

Na kuna muziki mdogo na muziki mkubwa. Ndivyo Wagaeli, Waskoti wenye lugha ya Kigaeli, wanavyougawa wenyewe. Mdogo ni wa kutembea na kucheza, machi na reel na vinginevyo. Mkubwa, piobaireachd, ni mtu mmoja, tyuni moja, dakika kumi, kumi na tano, pengine ishirini. Anaanza na msingi taratibu sana, kisha anaurudia na kuurudia, kila mzunguko vidole vikiongezewa mzigo, hadi mzunguko unaoitwa crunluath ambapo mikono haionekani kama ya mtu mmoja. Halafu anaurudia msingi ule wa mwanzo, basi. Ukoo wa MacCrimmon wa kisiwa cha Skye ndio wanaosifiwa zaidi kwa muziki huu. Walikuwa wapigaji wa machifu wa MacLeod pale Dunvegan. Zamani haukuandikwa. Mwalimu alimwimbia mwanafunzi silabi, kila silabi na noti yake na mapambo yake, mwanafunzi akaimba hadi aive ndipo ashike zumari. Sasa hapo ndipo redio inapopata shida, maana kipindi cha nusu saa hakiwezi kubeba zaidi ya tyuni moja au mbili za namna hiyo. Redio ya Kigaeli ya BBC, Radio nan Gàidheal, inajitahidi zaidi, ina kipindi kiitwacho Crunluath. Kigaeli sikijui hata neno la kuombea maji, lakini majina ya wapigaji na ya nyimbo yanakamatika, na sauti ya Kigaeli yenyewe inapendeza usiku.

Nije kwenye ufundi, maana najua utajaribu. Usirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika. Kuna njia mbili za maana. Moja ni programu ya kompyuta iitwayo Audacity, ambayo inaikamata sauti ndani ya kompyuta ikiwa njiani kutoka. Ni nyepesi, ila inakamata kila kinacholia humo: ujumbe wa WhatsApp ukiingia katikati ya piobaireachd, nao umo milele. Ya pili, ninayoitumia mimi, ni programu ya VLC. Unaipa anwani ya matangazo ya redio, nayo inaandika kwenye diski kilekile kinachoshuka kutoka mtandaoni, bila kukibana upya ili kipungue ukubwa. Kubana mara ya pili ndiko kunakoua. Sauti ya mtangazaji inavumilia kilobiti 48 kwa sekunde, unamsikia vizuri tu. Zumari haivumilii. Mvumo haukatiki hata nukta moja, juu yake kuna sauti nyembamba kali zilizosongamana, kwa hiyo kasoro haina pa kujificha. Mabomba yanaanza kuyumba na kububujika kama yanapigwa ndani ya pipa la maji. Ukiweza kuchagua kiwango, usishuke chini ya 128. Kwa kiwango hicho saa moja ni kama megabaiti 58, na kwa 320 inafika 144. Najua bei ya bando huko kwenu na jinsi mtandao unavyokatika, ndiyo maana sikutumii kwa simu.

Usihangaike na zile programu zinazoikata rekodi ndefu vipandevipande kwa kutafuta ukimya kati ya wimbo na wimbo. Hapa ukimya haupo! Mtu anatoka machi anaingia strathspey, mdundo mwingine wa kucheza, anatoka strathspey anaingia reel, zumari haijapumua. Kompyuta itakuambia umerekodi wimbo mmoja wa dakika saba. Kata kwa mkono, au usikate kabisa.

Saa ndiyo mtego mkubwa. Wenzetu wanaisogeza saa mara mbili kwa mwaka. Kiangazi chao wako nyuma yetu kwa saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha, zinakuwa saa tatu, na hukaa hivyo hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Ukiipangia kompyuta ijirekodie yenyewe wewe ukiwa umelala, ianze dakika chache kabla na imalize robo saa baadaye, kwa sababu mpira ukichelewa kuisha redio nzima inasogea. Waskoti na mpira ni kama sisi. Faili lipe jina kwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha tarehe, ndipo jina la kipindi. Vikifika mia utanishukuru.

Vya zamani sana havihitaji usumbufu wote huo. Kuna hazina ya sauti inayoitwa Tobar an Dualchais, iko wazi mtandaoni tangu 2010. Humo wameweka rekodi zilizokusanywa na Chuo cha Masomo ya Kiskoti cha Edinburgh, kilichoanzishwa 1951, na nyingine za BBC na za John Lorne Campbell wa kisiwa cha Canna, aliyezunguka na mashine yake tangu miaka ya 1930 akirekodi wazee. Kuna wapigaji humo, kuna wanaoimba zile silabi, mbwa anabweka nje, mtu anakohoa. Hizo nazisikiliza kama nilivyokuwa nasikiliza wazee wa barazani, bila kuharakisha. Laiti tungekuwa na mtu wa kutukusanyia zumari za pwani yetu namna hiyo, na kila mpigaji ameulizwa jina na mwalimu wake. Lakini hilo tuliongee tukionana, nisije nikakasirika nikiwa naandika.

Basi. Flashi nimempa kondakta wa basi la Kilwa pale Rangi Tatu, imefungwa kwenye bahasha ya khaki yenye jina lako. Nauli ya mzigo nimelipa, asikudai tena. Ndani kuna mafaili mengi lakini anza na mawili. La kwanza ni bendi kutoka mashindano ya dunia ya bendi za zumari pale Glasgow Green, yanayofanyika kila Agosti. Ngoma zake zitakupendeza hata kama zumari zitakushinda. Sikiliza kwa spika kubwa, jioni, majirani wakiwa wameshazoea fujo zako. Usidhani ni Waskoti pekee wanaoshinda pale: mwaka 1987 bendi ya 78th Fraser Highlanders ilitoka Kanada ikawa ya kwanza kutoka nje ya Uskoti kulichukua taji. La pili ni piobaireachd, mtu mmoja. Hilo tumia hedifoni, na usilisikilize ukiwa na njaa. Dakika za mwanzo utasikia anayarekebisha mabomba yapatane, yaani wimbo bado. Usinipigie simu kuniambia faili limeharibika.

Yakikuchosha, rudisha flashi, ina nafasi ya vingine. Lakini kabla ya kuirudisha, mwekee Mzee Ndembo hilo la pili, umwambie huo ni mpingo, usimwambie zaidi. Atakachosema niandikie kama kilivyo, hata kikiwa tusi.

Msalimie sana shemeji, mwambie dagaa wake walifika na wamekwisha.

Ndugu yako,
Hemedi