Barua ya kufunga muhula: daftari la sayansi lenye mistari iliyokatwa

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umekwisha salama, na ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii pamoja na karatasi yenye tarehe ya kufungua shule. Barua hii ni ya jambo moja tu. Baadhi yenu mmeniuliza mbona daftari la sayansi muhula huu lina notsi chache na mistari mingi iliyokatwa.

Mistari hiyo ni ya makusudi. Tulikubaliana na walimu kwamba kabla ya kila jaribio mwanafunzi aandike kwanza anachobashiri, kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Akikosea, anakata na kuandika chini yake kilichotokea.

Nilikaa nyuma ya darasa siku walipofunga mawe kwenye uzi na kuyabembeza. Karibu wote walibashiri kuwa jiwe zito litakwenda haraka kuliko jepesi. Wakahesabu jiwe likienda na kurudi mara 10, maana mara moja ni muda mfupi mno kuupima. Uzi wa mita 1 ulichukua sekunde 20 hivi, jiwe liwe zito, liwe jepesi. Kundi moja lilikataa katakata, likarudia mara tatu, likasingizia saa. Ndipo mmoja wao akafupisha uzi hadi sentimita 25, na zile mara 10 zikaisha kwa sekunde 10 hivi. Kelele zilizozuka zilimleta mwalimu wa darasa la jirani mlangoni. Walipoambiwa kuwa mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alitumia tabia hiyohiyo kuunda saa ya pendulamu, yaani inayoongozwa na uzito unaobembea, mwaka 1656, hakuna aliyehitaji kuamriwa asikilize.

Nami nilipata somo langu. Miaka mingi nimefundisha kwamba ukisimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji, ukauwasha na kuufunika kwa glasi, maji hupanda ndani kwa sababu oksijeni imeisha. Safari hii mwanafunzi akauliza: tukiwasha mitatu je? Glasi ni ileile, oksijeni ni ileile, lakini maji yalipanda zaidi. Kumbe sababu kubwa ni joto. Hewa ikipashwa hutanuka, nyingine ikatoka. Moto ukizima, iliyobaki hupoa na kusinyaa, na mgandamizo wa hewa ya nje huyasukuma maji ndani. Niliwaomba radhi mbele ya darasa. Wanafunzi wangu wa zamani nao wanisamehe popote walipo.

Si kila kipindi kilikuwa hivyo. Uainishaji wa viumbe bado umetushinda kuuchangamsha. Na kipindi cha siki na magadi kiligeuka mchezo wa povu: walicheka sana, lakini wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka ni gesi gani ilitoka. Tulirudia, mara hii wakaimimina ile gesi isiyoonekana juu ya mshumaa kutoka kwenye jagi, mshumaa ukazima. Sasa kabonidayoksaidi wanaijua, na wanajua ni nzito kuliko hewa.

Likizo hii hatujawapa rundo la maswali ya kunakili. Kila mtoto achague kitu kimoja anachokiona kila siku, aulize swali, abashiri, ajaribu, aandike. Akikujia na swali, usikimbilie kumjibu hata kama jibu unalijua, mwulize, "Wewe unaonaje?" Kama hujui, mwambie hujui, mjaribu pamoja. Moto asiuguse bila mtu mzima kuwepo. Dawa za kusafishia choo na za kung'arishia nguo zisichanganywe kabisa, kwani zinaweza kutoa gesi ya sumu.

Na tafadhali msimnunulie daftari jipya ili anakili upya kwa usafi. Tunalitaka hilohilo, na mistari yake iliyokatwa.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu