Pakeji ya Brembo itakunyima rimu za inchi 16

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotaka kuagiza Toyota 86, au pacha wake Subaru BRZ, kutoka Japani kwa ajili ya barabara zetu za nyanda za juu. Madalali wa mtandaoni wameshika wimbo mmoja: "hii ni ful pakeji", yaani gari lililokuja na breki kubwa za Brembo. Bei inapanda, na mnunuzi anaaminishwa kwamba akiikosa amenunua nusu gari. Kwa anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe nasema aiache, na sababu kubwa wala si bei.

Kwanza tujue kinachouzwa. Kwa BRZ zilizofanyiwa mabadiliko mwaka 2016, daraja la GT ndilo lenye vitu hivyo. Kwa Toyota ni 86 GT Limited ya High Performance Package, iliyotoka 2017. Unapata breki za Brembo, shokapu za Sachs na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7.5. Diffu ya Torsen, ile inayopeleka nguvu kwenye tairi lenye mshiko, ambayo madalali huitaja kwa mbwembwe, ipo hata kwenye GT isiyo na pakeji. Injini ni ileile ya 1,998cc, na kwa gari la manyuali nguvu ni zilezile za farasi 207. Hao 207 nao ni wa usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Unabaki na farasi 170 hivi, uwe na Brembo usiwe nazo.

Tuje kwenye breki zenyewe. Diski ya mbele ya GT ya kawaida ina kipenyo cha milimita 294, na kalipa yake (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ni ile inayoteleza, pistoni mbili upande mmoja. Ya Brembo ni milimita 326, kalipa haitelezi, ina pistoni nne, mbili kila upande. Nyuma diski ni milimita 316 na pistoni mbili. Diski kubwa hubeba joto jingi zaidi kabla breki hazijaanza kulegea, na anayezunguka saketi kwa kasi ataiona faida hiyo waziwazi. Siibishii.

Lakini soma vizuri maelezo ya kiwanda. Yameandika "breki ya inchi 17". Inchi 17 ni milimita 432, na diski ya namna hiyo haipo kwenye gari hili. Maana yake ni kwamba breki hiyo inataka rimu isiyopungua inchi 17. Ya GT ya kawaida imeandikwa inchi 16. Kwangu mimi kesi nzima iko hapo.

Tairi la 215/45R17 lina ukuta wa milimita 97. Tairi la 205/55R16, saizi iliyokuja na madaraja ya chini ya gari hilihili, lina ukuta wa milimita 113. Ni tofauti ya milimita 16, upana wa kidole, na kidole hicho ndicho kinachosimama kati ya rimu na shimo lililojaa maji njia ya Tukuyu. Rimu ya aloi ikipigwa, mara nyingi upande unaouona unabaki safi. Inayopasuka ni kingo ya ndani, ufa mwembamba kama unywele. Upepo unaisha taratibu usiku kucha, na fundi wa pancha anazamisha tairi kwenye beseni mara tatu bila kupata tundu. Ukiona hivyo, mwambie aache kutafuta kwenye mpira. Gurudumu lilazwe likiwa limejazwa upepo, apake povu la sabuni kuzunguka kingo ya ndani ya rimu, atazame mapovu yanapochemka. Rimu ya namna hiyo ikichomelewa kienyeji hurudi kupasuka pembeni ya weldi, kwa hiyo hesabu kwamba umeipoteza.

Mwenye GT ya kawaida anajiokoa kirahisi kwa kushuka kutoka rimu za inchi 17 kwenda za inchi 16. Gari hili linatumia nati tano kwa kipimo cha 5x100, yaani zimepangwa kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati milimita 56.1, ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) milimita 48. Forester na Impreza nyingi za zamani zina vipimo hivyohivyo, na rimu zake za inchi 16 hazikosekani kwa wauza spea. Angalizo moja: rimu za Toyota za 5x100, kama za baadhi ya Caldina, zina tundu la milimita 54.1. Nati zitalingana lakini rimu haitakaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, na msikubali fundi aitulize kwa kukaza nati kwa nguvu. Kuhusu spidi msihofu. Kipenyo cha gurudumu zima kinatoka milimita 625 kwenda 632, asilimia moja tu. Mshale ukisoma 50 unakwenda 50 na nusu, na askari wa tochi hatakuwa na kesi nawe. Mwenye Brembo hana njia hii kabisa. Hata baadhi ya rimu za inchi 17 zitamgomea, kwa sababu spoku zake zinagusa kalipa.

Najua nitaulizwa: na mlima Kitonga je? Na mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela, ambao unashuka zaidi ya mita 1,000? Gari hili lina uzito wa kilo 1,230 hivi. Ukilishusha kwa gia ya tatu, kwenye kona kali gia ya pili, diski za milimita 294 zinatosha. Mara nyingi pedali inapozama mlimani, kilichokufa ni mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 4 yanachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishavuta unyevu wa miaka miwili mitatu yanashuka kuelekea 155, mvuke unajaa ndani ya kalipa, na mguu unakanyaga hewa. Pistoni nne hazitibu hilo. Lita moja ya DOT 4 inatosha kubadilisha yote magurudumu manne. Yabadilishwe kila mwaka, na ukanunue kopo lililofungwa, si la kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Hapo kuna mtego mwingine wa Brembo. Kalipa yake ina nipo (vali ndogo za kutolea upepo) mbili, ya nje na ya ndani. Fundi aliyezoea nipo moja anatoa upepo upande mmoja, anafunga gurudumu, na mwenye gari anaondoka na pedali laini akidhani masta silinda, pampu ya breki, imeharibika. Inaanza ya nje, inamalizia ya ndani. Pedi ni nafuu kidogo kuzipata, maana zinafanana na za Impreza STI. Diski usizibahatishe: STI za kuanzia 2005 zina matundu ya 5x114.3, haziingii.

Shokapu za Sachs ni ngumu kidogo na ni nzuri kwenye lami laini. Chini gari linabaki na milimita 130 zilezile, hivyo kwenye matuta halijapata chochote. Zikivuja utaagiza nje, wakati za kawaida unaweza kufunga za kampuni ya KYB.

Siwakatazi kabisa. Ukipata mawili mnadani, lenye pakeji likawa halijagongwa na lisilo nayo lina alama ya R kwenye karatasi ya mnada (yaani liligongwa likatengenezwa), chukua lenye pakeji, uweke akiba ya rimu. Ila hakikisha ni pakeji kweli, kwa kuwa vifuniko vyekundu vya plastiki vyenye maandishi ya Brembo vinauzwa kama njugu. Mwombe muuzaji picha mbili: moja kupitia kwenye spoku, nyingine kutoka upande wa ndani wa gurudumu. Kalipa halisi ina pini zinazoonekana zikipita juu ya pedi, na mwili wake umeikumbatia diski pande zote mbili. Ukiona boliti za kuteleza zenye vimpira vyeusi kwa nyuma, hiyo ni kalipa ya kawaida iliyovalishwa kofia. Na kabla ya safari ya kwanza jaribu spea tairi mbele, kama unayo, gari likiwa kwenye jeki nyumbani, uone kama linazunguka bila kugusa kalipa.

Fundi wa breki na miguu ya magari,
Soweto, Mbeya