Misuli ya binti si aibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniuma. Juma lililopita binti yangu wa miaka 14, ambaye hurusha tufe shuleni, alikataa kuvaa blauzi isiyo na mikono kwa sababu shangazi yake alimwambia kuwa mabega yake yameanza kuwa ya kiume na kwamba hatapata mchumba. Joto lilikuwa kali, naye akasimama mbele ya kioo amejifunika kanga hadi shingoni.

Hadithi za mashujaa nazo zimechangia. Wonder Woman, aliyeanza kuchorwa nchini Marekani mwaka 1941, ana nguvu za ajabu, lakini wachoraji wengi wamempa mikono myembamba, ilhali Superman hujazwa misuli kifua kizima, kana kwamba nguvu za mwanamke zinakubalika mradi tu zisionekane. Michezoni, wanaume walinyanyua vyuma katika Olimpiki ya mwaka 1896. Wanawake walisubiri hadi Sydney, mwaka 2000. Hata Serena Williams, pamoja na mataji yake yote ya tenisi, alisemwa mwili kwa miaka mingi.

Katika Michezo ya Tokyo, Li Wenwen wa China aliinua kilo 180 juu ya kichwa chake. Nilimwonyesha binti yangu video hiyo, akaitazama mara tatu, kisha akauliza yule dada alianza mazoezi akiwa na umri gani. Nawasihi wazazi na walimu wenzangu tuchunge ndimi zetu mbele ya mabinti hawa.

Mzazi, Morogoro