Boti mbili za Matema

Uyole, Mbeya

Kaka Ambakisye,

Ugonile. Shemeji na watoto wasalimie sana, na mama mpe shikamoo yangu.

Picha za boti mbili unazotaka kuchagua moja ununue nimeziona. Kwa macho ni mapacha: zote za faiba, futi 16 kwa 6, zote zina injini ya nguvu za farasi 40. Tofauti iko chini, kwenye tumbo. Kwa Matema, na kwa kuwa mtabeba watoto na mama, chukua nyeupe, mradi ubao wa nyuma unaoshika injini uwe mzima.

Ya bluu ina tumbo bapa. Matema iko ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo upepo wa Mwera ukivuma kati ya Mei na Agosti, mawimbi yanakuwa yameshapata nguvu ya ziwa zima kutoka kusini. Tumbo bapa halipasui wimbi, linalipiga. Kila kishindo kinaishia mgongoni kwa mama, na baada ya muda faiba inaanza nyufa. Nyeupe ina tumbo la V linalokata maji, na kuta zake zina kimo cha sentimeta 65 wakati za bluu ni 50. Hizo 15 ni nyingi sana boti ikiwa imejaa. Ya bluu nayo ina sifa yake: inatulia mkisimama na inasogea hadi mchangani kabisa. Ingekuwa ya kuvulia samaki pembezoni, ningekuambia uichukue leo. Yenye V huyumba watu wakihamia upande mmoja, basi wote wakae ndipo uwashe injini.

Kuhusu idadi, zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawanya kwa 15. Hapo unapata 6.4, yaani watu sita, hesabu ya maji shwari, sio ya mawimbi. Wa saba abaki ufukweni, hata akiwa mtoto. Kila mmoja awe na jaketi okozi la saizi yake. La mtu mzima humvuka mtoto likapita kichwani.

Sasa ubao wa nyuma, na hapa usiwe na haraka. Ugonge wote kwa mpini wa bisibisi, hasa kuzunguka bolti za injini. Sauti ikiwa kavu, ni mzima. Ikiwa butu kama unagonga gunia, plaiwudi ya ndani imelowa. Kisha inua injini kidogo, shika mguu wake, usukume juu na chini kwa nguvu. Ubao ukicheza, au maji ya kahawia yakichuruzika kwenye matundu ya bolti, umeoza. Mara nyingi ni fundi aliyetoboa bila kuziba kwa silikoni. Hapo usipunguziwe bei, ondoka. Kuubadilisha ni kufumua nyuma yote.

Injini ya bluu ni ya kuchanganya oili: mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Ya nyeupe haichanganywi na hunywa kidogo, ila ni nzito zaidi, sababu nyingine ya kuukagua ubao. Fungua skrubu ya oili ya gia chini ya mguu. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili (mipira ya kuzuia maji) zimekwisha. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote, zisipishane zaidi ya asilimia 10. Injini ikiwaka, mshipa wa maji lazima utoke mfululizo pembeni. Bapa lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti. Likiwa juu mno, propela itavuta hewa mkikata kona.

Kwa kwenda kijiji cha Ikombe na kurudi, gawanya mafuta mara tatu: ya kwenda, ya kurudi, na theluthi isiyoguswa.

Jambo la mwisho ni trela. Kutoka Mbeya kupitia Tukuyu ni mteremko mrefu, habu za magurudumu zinafika zimechemka. Ukizitumbukiza ziwani hapo hapo, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji, beringi zinaota kutu. Mnywe chai kwanza, uziguse kwa mkono. Zikiwa baridi ndipo ushushe boti.

Nitumie sauti ya ubao ukiugonga, hata kwa simu, kabla hujatoa hela.

Wako,
Tusajigwe