Barua kwa mwalimu mwenzangu kuhusu begi la kutembelea na mzigo

Ntinda, Kampala

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watu wote wa nyumbani. Sisi huku tu wazima, hofu ni juu yako na familia huko Mbale. Barua yako niliipata, na nimefurahi mno kusoma kwamba umeazimia kuanza kutembea na uzito mgongoni baada ya daktari kukusihi uache kukaa kitini kutwa nzima. Umeniuliza ununue begi gani, na umenieleza kwamba umeona shanta la wapanda milima la lita 65, ambalo muuzaji anakuhimiza ulichukue kwa hoja kwamba litakufaa kwa mazoezi ya kila asubuhi na vilevile siku utakapoupanda Mlima Elgon. Nakuomba usilinunue. Niruhusu nikueleze kwa kirefu, maana begi ndilo litakaloamua kama mazoezi haya utayapenda au utayaacha kabla ya mwezi kuisha.

Shanta la lita 65 limeshonwa kwa ajili ya mzigo wenye ujazo mkubwa: hema, nguo za baridi, sufuria, chakula cha siku kadhaa. Vitu hivyo hulijaza kuanzia chini hadi juu, vikabanana, na kwa kubanana huko shanta likatulia mgongoni. Mzigo wa mazoezi ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa ni mdogo wa umbo lakini mzito. Chuma cha kilo 10 hakifikishi lita moja na nusu, na mchanga mkavu wa uzito huohuo ni kama lita sita tu. Ukiutia katika shanta kubwa namna hiyo, utazama hadi chini, ukae juu ya makalio, na katika kila hatua ukuvute nyuma. Mwili hujibu kwa kuinama mbele, shingo ikajitokeza, na haipiti nusu saa kabla kiuno hakijaanza kulalamika. Kina mama wanaobeba dumu la lita 20 kichwani hutembea wima kwa sababu uzito wote unashuka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mgongoni hatuwezi kuupata unyoofu huo kamili, lakini kadiri uzito unavyokaa juu, baina ya makombe ya mabega, na kadiri unavyogandamana na mwili, ndivyo tunavyoukaribia. Kila nitakalokuambia kuhusu begi linatokana na jambo hilo.

Kwa hiyo anza na uzito, kisha utafute begi la kuubeba. Kanuni inayotumiwa na walimu wengi wa mazoezi haya ni kuanza na asilimia 10 ya uzito wa mwili, na wengi wao hawaruhusu mtu kuvuka theluthi moja. Kwa kilo zako 80, hiyo ina maana ya kilo 8 mwanzoni. Theluthi ingekuwa kilo 26 na zaidi, lakini mimi nisingependa uvuke 15, kwani wewe unatafuta afya wala hujiandai kwa mtihani wa kijeshi. Hata askari wa miguu wa Marekani wanaowania nishani yao ya ubingwa hutakiwa kubeba pauni 35, yaani takriban kilo 16, kwa mwendo wa maili 12 katika saa tatu, na hao ni vijana waliofunzwa. Liko pia jambo ambalo watafiti wa jeshi la Marekani, Pandolf na wenzake, waliliingiza katika fomula yao ya mwaka 1977 ya kukadiria nguvu anayotumia mtu anayetembea na mzigo: sehemu moja ya fomula hiyo huchukua uwiano wa mzigo na uzito wa mwili na kuuzidisha kwa wenyewe, hivyo kila kilo unayoongeza inakuwa ghali kuliko ile iliyotangulia. Fomula hiyo inahesabu pia mwinuko na aina ya njia, na wewe una barabara ya kupanda Wanale mlangoni pako. Mlima huo utakuongezea kazi bila wewe kuongeza kilo.

Kwa uzito huo, begi la lita 20 hadi 25 linatosha kabisa. Nalipendelea begi dogo pia kwa sababu begi kubwa humshawishi mtu kulijaza. Urefu wake una maana kuliko lita zake. Mwombe mtu wa nyumbani akupime kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia mfupa unaojitokeza chini ya shingo unapoinamisha kichwa, hadi usawa wa sehemu ya juu ya mifupa ya nyonga. Huo ndio urefu wa mgongo wako kwa mambo ya mabegi, nao hauendi sambamba na kimo: wako watu warefu wenye mgongo mfupi. Kitako cha begi kisishuke chini ya nyonga, la sivyo kitakupiga makalioni kila unapopiga hatua.

Sasa nifikie mikanda ya mabegani, ambayo ningependa uitazame kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Shika mkanda baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha ubinye. Vidole vikikutana kirahisi, sponji hiyo ni laini mno, na chini ya kilo 10 italala kama karatasi. Ikiwa ngumu, ikatoa sauti ya kuvunjikavunjika, imekwisha kuzeeka. Sponji njema hukataa kidogo, kisha inarudi katika umbo lake mara unapoiachia. Mkanda uwe na upana wa sentimita sita au saba mahali unapopita begani, kwani mkanda mwembamba hukata. Nao haukati ngozi peke yake: chini ya mtulinga hupita kifungu cha mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi, na mkanda unaobana hapo kwa muda mrefu unaweza kuufanya mkono ufe ganzi au ulegee. Madaktari wa majeshi wanaufahamu vizuri ugonjwa huo. Vidole vikianza kuwasha na kufa ganzi njiani, simama, tua mzigo na ulegeze mikanda. Usiendelee kwa kujikaza kiume.

Kisha geuza begi, uangalie mizizi ya mikanda, pale juu inapoungana na mwili wa begi. Katika mabegi mengi ya bei nafuu ya wanafunzi, mkanda umeingizwa tu katika mshono mmoja, nao hukatika kwa sababu ulikusudiwa kubeba madaftari. Begi zuri lina mshono wa mraba wenye alama ya msalaba ndani yake, au mistari minene ya uzi iliyorudiwarudiwa mahali pamoja, na nyuma ya mshono huo kuna kipande cha pili cha kitambaa cha kuushikilia. Liinue kwenye mwanga likiwa na mzigo ndani. Matundu ya sindano yakiwa yamevutika na kuwa nyufa ndogondogo, lirudishe mezani.

Kuhusu kitambaa nitasema machache. Utaona vibandiko vimeandikwa denia 500 au 1000. Hesabu hiyo ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000; kadiri hesabu inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Nailoni ya denia 500 inakutosha, na turubai nzito ya pamba nayo inafaa isipokuwa hunywa mvua ikawa nzito. Kwa begi la mtumba, tia mkono ndani ukapapase: bitana ikiwa inanata au inatoa unga mweupe, utando wa kuzuia maji umeoza, na hakuna dawa. Zipu ziwe za meno makubwa, maana vumbi jekundu la barabara zetu huzisaga zile nyembamba. Zisugue kwa mswaki mkavu, kisha uzipake nta ya mshumaa.

Najua utaniuliza kuhusu mkanda wa kiunoni, kwa kuwa muuzaji wako ameusifu sana. Mkanda huo ni kitu chema, lakini hufanya kazi yake pale tu begi linapokuwa na fremu, yaani bamba gumu au fito za ndani zinazopeleka uzito kutoka mabegani hadi nyongani. Begi lisilo na fremu likiwekewa mkanda wa kiunoni, mkanda huo unazuia kuyumba tu, uzito unabaki mabegani palepale. Kwa kilo 8 au 10 na mwendo wa saa moja, mimi hutembea bila huo. Mkanda wa kifuani, kwa upande mwingine, usiukose. Unapoteremka Wanale, begi hutaka kukupanda shingoni na mikanda hutaka kuteleza nje ya mabega. Mkanda wa kifuani unaifunga pamoja, na kifua kinabaki huru kupumua mradi usiukaze kupita kiasi. Na siku ya Elgon ikifika, shanta kubwa unaweza kuliazima, na wapagazi wapo wa kuwaajiri. Usilibebe kila asubuhi kwa ajili ya safari ya siku chache.

Liko jambo moja ambalo ni la kwetu Uganda, nami nalisisitiza. Mabegi mengi mazuri ya mitumba yametoka katika majeshi ya nje, na utayakuta yenye madoadoa ya rangi za kijeshi. Usiliguse hata moja, hata kama bei yake ni ya bure. Sheria ya UPDF, yaani jeshi letu la Uganda, ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na sare na vifaa vya jeshi, na mwezi Septemba 2019 yalitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mavazi yaliyotengewa wanajeshi, bereti nyekundu ikiwa mojawapo. Mwalimu mwenye begi zito la madoadoa mgongoni, akitembea kwa kasi kabla ya jua kuchomoza, atasimamishwa, na maelezo yake hayatasikilizwa haraka. Chukua bluu, nyekundu au rangi ya machungwa. Saa kumi na mbili asubuhi bado kuna giza, kwa hiyo lishonee begi utepe unaoakisi mwanga. Wengi huuweka nyuma ya begi peke yake, lakini sisi tunaendesha magari upande wa kushoto, na mtembea kwa miguu anatakiwa akae kulia akiyatazama magari yanayomjia; basi utepe ushonwe pia mbele, kwenye mikanda ya mabegani, ambako dereva ataona.

Zipo kampuni za nje zinazotengeneza mabegi ya kazi hii hasa. GORUCK ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jason McCarthy, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu, ndiyo inayojulikana zaidi, nayo huuza pia mabamba ya chuma ya kuingia katika mfuko ulioshonwa ndani ya begi, juu, upande wa mgongoni. Mabegi hayo ni imara mno, lakini bei yake ni kubwa hata kabla ya usafiri na ushuru, na sioni haja ya mshahara wa mwalimu kwenda huko. Kinachotufaa ni kuiga ule mfuko. Begi lenye mfuko wa kompyuta upande wa mgongoni tayari limekupa nusu ya kazi. Mfuko huo umeshonewa kubeba kilo mbili tatu, kwa hiyo mpe fundi viatu aushone upya chini na pembeni kwa uzi mnene wa nailoni, kisha tia kitako cha sponji ngumu au blanketi iliyokunjwa ili mzigo upande hadi usawa wa makombe ya mabega.

Chuma chenyewe kinapatikana Katwe, hapa Kampala. Bamba la sentimita 25 kwa 40, lenye unene wa milimita 12, lina kilo 9 na nusu hivi, na fundi wa kuchomelea atakukatia muda si mrefu. Mwambie alipige tupa pembe zote ziwe duara, kisha wewe ulizungushie kitambaa kizito na utepe wa gundi, kwani pembe kali hutoboa begi kwanza na mgongo baadaye. Kwa wiki za mwanzo huhitaji hata chuma: kilo 8 za mchanga mkavu katika mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa vizuri, mmoja ndani ya mwingine, zitakutosha, na mchanga una wema wa kufuata umbo la mgongo.

Begi usilinunue bila mzigo. Mimi ninapokwenda Soko la Owino, hapa Kampala, huenda na uzito wangu mkononi, nautia ndani ya begi mbele ya muuzaji, nalivaa, napanda na kushuka ngazi, nainama kana kwamba nafunga kamba za viatu. Likinipiga mgongoni, au uzito ukikimbilia shingoni nilipoinama, nalivua. Wauzaji huniruhusu, maana wanaona nimekuja kununua kweli.

Jumamosi ijayo nitakuwa huko. Nitumie urefu wa mgongo wako kwa sentimita na upana wa mabega, nami nitakutafutia begi, nilijaribu kwa kilo 10, nilipitishe kwa fundi kama linahitaji, kisha nilikabidhi kwa basi la Mbale. Bamba nitalileta mwenyewe likizo ikianza, kwa sababu gharama ya kulituma inazidi thamani yake. Muuzaji wa lile shanta mwambie kwa heshima kwamba umeghairi, na kama ulikwisha kuweka kianzio, uliza kama ana begi la lita 25 lenye mkanda wa kifuani mlibadilishane.

Wasalimie watoto na mama yao.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote,
Mwalimu wa Ntinda