Adresi ya USDT, kuangalia mwanzo na mwisho haitoshi

Bwana mhariri,

Mimi ni mama mchuuzi hapa Birere, nauzisha sendale na mikoba. Naandika juu ya hizi USDT, feza ya kwenye telefone inayofuata bei ya dola, maana tangu benki za Goma zifungwe mwezi wa kwanza 2025 wengi wetu njo tunalipia mali ya inje, na watu wanafundishana haraka haraka, kopi, bandika, tuma, basi wamemaliza.

Siku ile nilikuwa nalipa dola 180 kwa tajiri anayeniletea mali. Adresi yake ya kupokelea feza ni ya Tron, moja ya rezo zinazopitisha USDT, inaanza na T, herufi na namba 34, nani atazishika kichwani? Nikaingia kwenye historike ya malipo ya waleti, ile aplikasyo ya telefone tunamowekaka USDT, nikakopi ile ya juu, nikaangalia tatu za mwanzo, nne za mwisho, sawa, nikatuma. Kesho yake ananipigia: mama, feza iko wapi?

Kumbe haikuwa yake. Malipo yote kila mtu anaweza kuyaona kwenye blokucheni, ni kama daftari ya wazi ya rezo, basi wezi wanaangalia unalipaka nani, wanapigisha kompyuta itafute adresi inayofanana na yake mwanzo na mwisho, alafu wanakutumia kitu kidogo sana, hata sifuri, ili yao ikae kwenye historike yako, wanangoja uvivu wako. Katikati ni tofauti kabisa lakini telefone yenyewe inaficha katikati kwa nukta tatu! Ukikosea herufi moja ya ile ya T waleti inakataaka, kweli, ila hii ya mwizi haina kosa, ni kama namba ya simu ya mtu mwingine.

Kwa M-Pesa ao Airtel Money angalau kuko ajansi ya kukimbilia kulia. Hapa ikienda imeenda.

Sasa adresi ya tajiri nimeiandikisha kwenye waleti na jina lake, na natuma kwanza dola 5, nangoja aseme "imefika" kwa sauti yake mwenyewe. Inakula frais mara mbili, wenzangu wananichekaka, wacheke. Na rezo muulizane kabla, USDT ya Ethereum adresi yake inaanza na 0x, si sawa na ya Tron.

Adresi mpe yeyote anayetaka kukulipa, lakini yale maneno 12 ao 24 ya siri yanayofungua waleti yako apana, hata kwa kijana aliyekufungulia waleti. Juzi nimeona mwenzangu ameyaandika kwenye bokisi ya telefone, bokisi iko juu ya meza, wateja wanaegemea.

Mama mchuuzi, Birere, Goma